Wauza CD za gemu Mtwara, acheni kutuambia kila gemu yenye ramani kubwa ni RPG!

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa RPG, yaani gemu unazoishi kama mhusika unayemkuza na kumfanyia maamuzi. Kwenye PS4 yangu ya mtumba nimemaliza Skyrim, na The Witcher 3 nimeimaliza mara mbili. Wiki iliyopita nikaingia duka moja hapa Mtwara mjini wanapobadilisha CD, nikamwambia kijana wa pale kinagaubaga: kaka, nataka gemu ambayo uamuzi wangu unabadilisha kitu. Za bunduki sijazizoea ila nipo tayari kujaribu. Akanipa Far Cry 5. "Hii ni Witcher hiyo hiyo, tofauti bunduki tu. Ramani kubwa, unapanda levo, unafanya unachotaka." Nikaacha CD yangu ya Witcher na elfu ishirini juu yake.

Witcher hiyo hiyo? Kwenye Witcher kuna kisa cha Bloody Baron, mkuu wa ngome moja kule Velen. Unakuta roho imefungwa ndani ya mti. Mimi niliifungua kwa nia njema, watoto yatima wa kule kwenye kinamasi wakapona, lakini mke wa Baron akafa, nikarudi ngomeni nikamkuta Baron mwenyewe ananing'inia kwenye mti wa uani kwake. Nikaweka padi chini, nikaenda kukaa barazani. Mara ya pili nikaiua ile roho: mama akabaki hai akiwa amerukwa na akili, na wale watoto wakaliwa. Hicho ndicho ninachokitafuta nikisema RPG.

Far Cry 5 unakuwa naibu wa sherifu huko Hope County, Montana, Marekani, unapambana na dhehebu la Joseph Seed. Naibu huyo hasemi neno. Hata moja! Watu wanamweleza shida zao, anatazama tu, na wewe huna pa kujibu. Levo nilizoahidiwa hazipo, kuna pointi unapewa kwa kuua adui kadhaa kwa upinde au kuvua samaki kadhaa, unanunulia uwezo, basi.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Juzi nimesimama mtoni navua. Uvuvi wa mle ndani ni mzuri kwelikweli, nami nimekulia Mikindani, mshipi ukivutwa naujua. Samaki kanasa, namvuta taratibu, mshale ukanipata, skrini ikafifia, nikazinduka nimefungwa kwenye kiti mbele ya Jacob Seed, kaka yake Joseph. Nikadhani nimezembea. Wapi! Kumbe pointi za upinzani, zile unazopata kwa kulisumbua dhehebu, zikifika kiwango fulani kwenye eneo lile, gemu inakuteka tu, utake usitake, hata uwe umejificha wapi.

Sisemi ni gemu mbovu. Kuteka kituo cha adui usiku kwa upinde, unazima king'ora kwanza, kisha unawamaliza mmoja mmoja bila mwenzake kushtuka, kuna raha yake, na siku moja iliniweka macho mpaka saa tisa usiku. Mtu wa RPG anayependa kuzurura, kuwinda na kuchungulia kila kona ajaribu, atafurahi. Anayependa maneno na maamuzi asitoe hata mia.

Sasa hilo, kwamba mteja anapenda kuzurura au maamuzi, si swali la kumuuliza kabla hujachukua pesa yake? Na rafu ile ile ilikuwa na Fallout 4, ya 2015! Bunduki zimejaa, lakini unaunda mhusika wako mwenyewe, unampangia nguvu, akili na ushawishi, unajibizana na watu, na makundi manne kila moja linakuvutia kwake. Ile Fallout: New Vegas ya 2010 ndiyo kabisa: ukiwa na ulimi uliokomaa, jemadari wa mwisho unamrudisha nyuma kwa maneno, bila risasi. Za bunduki zenye moyo wa RPG zipo, tena miaka mingi.

Nimerudi dukani, naambiwa niongeze elfu ishirini nyingine ndipo nibadilishiwe. Na Witcher yangu imeshachukuliwa.

Mwenye Fallout 4 hapa Mtwara au Lindi mjini aniambie, nitamfuata alipo. Far Cry 5 yangu haina mkwaruzo hata mmoja. Na wewe uliyechukua The Witcher 3 yenye kasha lililopasuka kona ya juu, tafadhali, naomba tuongee.