Mhariri anataka niifute saa ya mzee pichani

Mpigapicha Mchovu:
Wakuu, naombeni ushauri. Nilikaa siku nne kwa jamii moja ya wafugaji, nikampiga picha mzee mmoja ameketi nje kwake. Mwanga wa jioni, mikunjo ya uso unaihesabu mmoja mmoja. Tatizo mkononi ana saa ya plastiki, zile za namba. Mhariri kaipenda picha, ila saa itoke, eti inaharibu uasilia. Kwenye kompyuta ni dakika mbili. Nafsi inasita.

Bibi Lenzi:
Usithubutu. Mpigapicha Mmarekani Edward Curtis alishafanya hivyo. Mwaka 1910, huko Marekani, aliwapiga picha baba na mwana wa Wapiegan, moja ya jamii za wenyeji asilia wa huko, ndani ya hema lao, katikati yao saa ya mezani. Kwenye kitabu saa haipo. Negativu, ile ya kwanza iliyotoka kwenye kamera, ikabaki, na saa imo hadi leo! Alitoa juzuu 20 kati ya 1907 na 1930 akiamini anawawahi watu wanaotoweka. Wajukuu zao wapo.

Nami si malaika. Niliwahi kumwomba mama mmoja avue sweta, na kulikuwa na baridi kweli. Akavua. Ile picha ninayo, simwonyeshi mtu.

Kasuku:
Msimwonee mhariri. Wamursi wa bonde la Omo, Ethiopia, wanatoza kwa picha, na watalii wakija wanajipamba kuliko siku za kawaida. Wanajua mteja anataka nini. Biashara hiyo.

Bibi Lenzi:
Kasuku, Wamursi wanajipamba wenyewe na hela wanapokea wao. Huyu mzee anavuliwa saa akiwa hayupo. Tafuta kazi za mpigapicha Claudia Andujar. Miaka ya 1980 aliwapiga picha Wayanomami, wenyeji wa msitu wa Amazon huko Brazili, wakati wa chanjo, kila mtu na namba shingoni, kwa kuwa hawana desturi ya kutajana majina hovyo. Futa namba zile uone kitabaki nini. Na aliwapigania mpaka ardhi yao ikawekewa mipaka rasmi, 1992. Wewe mzee umemuuliza?

Mpigapicha Mchovu:
Aibu, sikuwa nimemuuliza. Jana nimemtumia picha kwa simu ya mjukuu wake. Saa hata hakuitaja. Kauliza mbona nimemkata miguu, na viatu vilikuwa vipya.