Andiko la NSF: nijiwekee mshahara wa miezi mingapi?

Binti Uluguru:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa waliowahi kuomba fedha za utafiti za serikali ya Marekani. Ni mhadhiri kwenye chuo cha umma huku Marekani, mkataba wa miezi tisa, mshahara dola 90,000. Naandaa andiko langu la kwanza la kuomba fedha za NSF (mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani), la miaka mitatu, na nataka jumla isizidi dola 300,000 pamoja na makato ya uendeshaji ya chuo. Nina mwanafunzi mmoja wa PhD, na mwenzangu aliyeko Morogoro ambaye tutapima naye maji ya Mto Ruvu.

Nafikiria nisijilipe kabisa. Niandike kwamba nitafanya kazi miezi miwili kila kiangazi bila malipo, ili fedha ziende kwa mwanafunzi na Morogoro, na wapitiaji waone sina tamaa. Je, ni sawa? Na huyo mwenzangu ni mwajiriwa wa chuo cha serikali, analipwa miezi yote 12. Naweza kumwekea posho ya kila mwezi?

Mzee wa Maandiko:
Dada, hongera kwa kuthubutu. Ila hilo la "bila malipo" lifute leo. NSF hairuhusu mwombaji kujitolea mchango wake kwa hiari kwenye bajeti kama tangazo halikuutaka. Ukiandika miezi miwili ya bure umeahidi kitu chenye thamani ya fedha, na andiko linaweza kurudishwa bila kusomwa.

Kama kweli hutaki kulipwa, jina lako linaondolewa kwenye mistari ya mishahara ya bajeti. Linabaki kwenye ukurasa wa mbele, na kazi yako unaieleza kwenye sehemu ya vifaa na rasilimali, kwa maneno tu, bila kutaja kiasi.

Sasa tupige hesabu. Dola 90,000 kwa miezi tisa ni 10,000 kwa mwezi. Tuseme mafao (bima, pensheni) ni asilimia 25: inakuwa 12,500. Tuseme chuo kinatoza asilimia 50 ya uendeshaji: 18,750. Viwango halisi kachukue ofisi ya ruzuku ya chuo chako, usikisie. Kwa mfano huu mwezi mmoja kila mwaka, kwa miaka mitatu, ni 56,250. Miezi miwili ni 112,500, zaidi ya theluthi ya fedha zote. Hapo mwanafunzi ataumia.

Kwa hiyo ningeweka mwezi mmoja. Na usipandishe mshahara kwa sababu ruzuku imekuja. Hesabu hufanywa kwa mshahara ule ule anaokulipa mwajiri. Nyongeza ya kawaida ya kila mwaka inaruhusiwa ikiwa ndiyo desturi ya chuo, ila ieleze kwenye ufafanuzi wa bajeti.

Nyamwezi wa Texas:
Naongezea kidogo. Mpitiaji hashangai kuona mhadhiri anajilipa kiangazi. Kinachotia shaka ni mradi mkubwa ambao mtafiti mkuu hana muda nao popote kwenye karatasi.

Mama Sampuli:
Naomba nijibu la Morogoro, maana wenzetu wengi wa nyumbani wanaumizwa na hili. Posho ya kila mwezi juu ya mshahara kamili, hapana. Fedha ya serikali ya Marekani inanunua sehemu ya muda wa mtu kwa kiwango chake cha kawaida. Akitoa asilimia 10 ya muda wake, hiyo ni miezi 1.2 kwa mwaka. Chuo chake kinalipwa thamani hiyo, nacho kinatakiwa kimpunguzie majukumu mengine ya kiasi hicho. Zungumza na mkuu wa idara yake mapema, la sivyo kazi ya nyongeza itamwelemea bure.

Ile fedha ya kujikimu akiwa mtoni kuchota sampuli ni jambo jingine. Hiyo ni gharama ya safari, iweke kwenye safari.

Pia NSF hutoa fedha kwa taasisi za nje kwa nadra. Eleza kwa nini lazima awe yeye: Ruvu ndiyo chanzo kikubwa cha maji ya Dar es Salaam, na anaufahamu mto kuliko mtu yeyote aliyeko huko. Usione aibu kuliandika hilo kwa nguvu.

Binti Uluguru:
Asanteni sana, nimeelewa. Swali moja: nikipata ruzuku nyingine ya NSF mwakani, ule ukomo wa NSF wa kutojilipa zaidi ya mshahara wa miezi miwili kwa mwaka unahesabiwaje?

Mzee wa Maandiko:
Unahesabiwa kwa ruzuku zako zote za NSF kwa mwaka mmoja, si kila moja peke yake. Ukihitaji zaidi wakati wa kuomba, lieleze kwenye ufafanuzi na wakubali. Ukishapewa, unaweza kujiongezea muda bila kibali chao, mradi malengo ya mradi hayabadiliki.

Usichanganye na NIH, taasisi za utafiti wa afya za Marekani. Wale hawana sheria ya miezi miwili, wana kikomo cha kiwango cha mshahara: mwaka 2025 kilikuwa dola 225,700 kwa mwaka. Kwa mshahara wako hakikugusi.

Binti Uluguru:
Basi naweka mwezi mmoja kwangu, mwanafunzi miezi 12, na Morogoro miezi 1.2 kupitia chuo chake. Kesho napeleka jedwali ofisi ya ruzuku.

Mama Sampuli:
Wape na barua ya chuo cha Morogoro inayoonyesha mshahara wake. Wataiuliza, na barua za nyumbani huchelewa.