Nilisaini nipate soda, sasa naambiwa nilikubali bajeti

Wadau, leo sina ustaarabu, mniwie radhi.

Mwezi wa tatu tuliitwa kikao cha maoni ya bajeti hapa Nakuru. Wadi siitaji, wenyewe wanajijua. Tangazo lilisema saa nne, mheshimiwa akaingia saa saba kasoro. Mlangoni karani ana fomu: jina, nambari ya kitambulisho, simu, saini. Ukishasaini ndipo unapewa soda na mandazi mawili. Nilisaini. Njaa ilikuwa inaniuma.

Tukasomewa kitabu cha Kiingereza kinene kama tofali, nakala moja kwa ukumbi mzima. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi sawa na Kiingereza, lakini siku hiyo kilibaki nje kwa mlinzi. Shosho mmoja mbele yangu akainua mkono: "Mwanangu, hapo kwa maji mmetuandikia nini?" Kijana wa ofisi akamjibu, "Shosho, hapo tutafika." Hatukufika. Sala ya kufunga, picha ya pamoja, kwisha.

Na karibu kila aliyesimama aliomba maji. Mtu wa Nakuru haelezwi habari hii: visima virefu vya huku vina floraidi nyingi, madini yanayotia meno ya watoto madoa. Binti yangu yuko gredi ya nne, akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Meno yaliota na madoa ya kahawia na hakuna mswaki wa kuyatoa. Kwa hivyo maji ya kunywa nanunua ya mkokoteni, mtungi wa lita 20, na pesa zikikata uji unapikwa kwa yale yale ya kisima.

Tulichopata ni mulika mwizi. Mlingoti mrefu, taa kubwa, na kibao chenye jina la mheshimiwa. Taa iliwaka wiki tatu ikazima. Kibao kiko, kinapanguswa hata vumbi.

Nikaenda ofisini kuuliza maji yetu yalipotelea wapi. Afisa akafungua faili, akanitolea ile fomu ya mlangoni. Saini yangu, na kwenye kona doa la mafuta ya mandazi. "Mama, si mlishirikishwa? Hii si saini yako?"

Jameni! Yaani fomu ya kuonyesha nilifika ndiyo imekuwa ushahidi kwamba nilikubali! Ibara ya 10 inataja ushirikishaji wa watu, haijasema popote kuhesabu vichwa na chupa za soda. Ibara ya 43 inanipa haki ya maji safi na salama, ya kutosha. Ugatuzi tuliuanza 2013 ili mtu asilazimike kwenda Nairobi kulilia mfereji. Sasa ofisi iko karibu, boda ni shilingi 50, na bado nalia.

Mimi siombi makuu. Nikisema maji, mtu aandike "maji". Kama mwaka huu hayawezekani, niambiwe kwa nini, kwa lugha ninayoielewa, kabla pesa hazijatumika. Na nikiuliza mlingoti uligharimu ngapi, nijibiwe. Hilo la mwisho niliuliza kwa barua, nikataja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayowapa siku 21. Leo ni siku ya 43. Anayenijibu ni mlinzi wa langoni tu, maskini, na jibu lake ni "Mama, jaribu Jumatatu."

Kuna atakayeniambia nisubiri kura ya 2027. Ndugu yangu, kitinda mimba wangu ana miaka 2. Meno yake ya ukubwani yanaundwa sasa hivi, ndani ya ufizi, na uji ule ule.

Jana usiku imeingia SMS: kikao kingine Alhamisi, saa nne kamili, "viburudisho vitakuwepo". Nitaenda. Chai nitakunywa kwangu kabisa, na kwenye fomu, kando ya saini, nitaandika: NIMEFIKA, SIJAKUBALI CHOCHOTE.

Nyinyi wa Kisumu, Kakamega, Bungoma, kuna aliyewahi kuandika hivyo? Waliipokea fomu, ama walimtoa ukumbini?