Je, karakana ya shule ya upili nayo iombe kibali?

Mwenye mada (fundi wa vyuma, Kariobangi)

Hamjambo wenzangu. Naleta jambo ambalo limetugawanya sisi wazazi tangu Januari 2026, watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi hapa Kenya walipoingia Gredi ya 10. Katika njia ya sayansi na teknolojia mtoto anaweza kuchagua useremala, ufundi wa vyuma, umeme, ujenzi au mitambo. Swali ni hili: shule ikitaka kufundisha somo la aina hiyo, yatosha kwamba imesajiliwa kama shule, au kila somo la ufundi lipate kibali chake, karakana ikaguliwe na ujuzi wa mwalimu upimwe, kabla mtoto hajaingia mlangoni?

Mimi nasema kibali kiwepo, na kiwe kikali. Mwenye maoni mengine karibu, ndiyo maana nimeandika.

Nachomelea vyuma Kariobangi Light Industries, mwaka wa 22 huu. Kila mara napokea vijana wa vyuo waje kujifunza kazi kwangu. Chuo kinachowaleta hakikujifungulia tu. Sheria ya mafunzo ya ufundi, Namba 29 ya 2013, ndiyo iliyounda mamlaka ya TVETA, na inasema hakuna anayeruhusiwa kuendesha mafunzo hayo bila usajili wake. Mkufunzi naye lazima asajiliwe apate leseni. Sasa vuka barabara uingie shule ya upili. Hiyo iko chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi, ya mwaka huo huo wa 2013, na inasajiliwa kama shule. Mashine ya kuchomelea ni ile ile, umeme ni ule ule, ila mwanafunzi ana miaka 15 badala ya 20. Kati ya hao wawili, ni yupi angepaswa kulindwa zaidi?

Nitawaeleza nilichokiona. Miaka michache iliyopita niliitwa na shule moja hapa jijini nikaitazame mashine ya kuchomelea waliyopewa na mfadhili. Somo la vyuma alikuwa amekabidhiwa mwalimu wa fizikia, kwa sababu hakukuwa na mwingine. Mtu mwema, anawapenda wanafunzi wake. Kinga ya uso ilikuwa moja, na siku ya kwanza ya kuwaonyesha kazi aliivaa yeye, watoto zaidi ya thelathini wakamzunguka ili waone vizuri. Usiku ule baadhi yao hawakulala, macho yakiwasha kama yamejaa mchanga. Sisi mafundi tunaujua ugonjwa huo: mwanga ule huunguza jicho bila wewe kuhisi kitu papo hapo, maumivu yakaja saa kadhaa baadaye. Wazazi wengine walidhani ni macho mekundu ya kuambukizana. Jambo lenyewe halikuandikwa popote, maana hakukuwa na mkaguzi aliyekuwa na habari kwamba katika shule ile kuna karakana.

Wala si mara ya kwanza. Mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, ulipoanza 1985 tuliahidiwa mikono yenye kazi, na wazazi wakaambiwa wajenge karakana kwa harambee. Mimi ni mtoto wa enzi hiyo. Karakana yetu ilikuwa kuta nne na mabati. Randa nilichorewa ubaoni, na kwenye mtihani nikataja sehemu zake zote bila kukosea. Siku niliyoishika kwa mara ya kwanza niliishika kinyume, fundi aliyenipokea akanigeuzia mikono kama mtoto anayefundishwa kula. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya aina hiyo yalipunguzwa katika shule za msingi, na ikasemekana ufundi umeshindwa. Nani aliwahi kuufundisha?

Na tukumbuke wazee wetu waliutazama ufundi kwa jicho gani. Kituo cha Kabete kilipofunguliwa mwaka 1924 kuwafundisha Waafrika kazi za mikono, ofisi zilikuwa za watu wengine. Mzazi anayemwambia mwanawe "soma, usiishie kwenye nyundo" anabeba kidonda hicho. Ukimpa mtoto wake somo la vyuma lisilo na vyuma, unamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Kwa hiyo nataka kibali cha kila somo, kwa kila shule, ya umma na ya binafsi bila upendeleo.

Mwalimu wa shule ya kutwa, Mukuru

Fundi, nimekusoma mara mbili, na habari ya wale watoto imeniuma. Lakini naomba uje usimame hapa nilipo.

Shule yetu haina bweni, haina basi, haina chama cha waliosoma hapa zamani wakawa mawaziri. Tuna chumba kimoja kilichokuwa stoo, na majiliwa manne, vile vibano vya kushikia kazi mezani, ambayo nimeyatafuta mwenyewe soko la Gikomba. Kibali kikali kikija kesho, sisi hatukipati. Zitakazokipata ni shule kubwa zenye ardhi na wahisani. Watoto wa mabanda, ambao ndio wanaouhitaji ufundi kuliko wote, wataambiwa wachague masomo ya ubaoni. Kibali chako kitalinda macho yao kwa kuwafungia nje.

Halafu jiulize, baba zao wanafanya kazi wapi? Industrial Area, ng'ambo ya pili tu. Mvulana wangu mmoja hutoka hapa saa kumi akaenda kusaidia gereji bila glovu, bila mwalimu, bila mtu wa kumwambia geuza uso. Karakana yangu mbovu ni salama kuliko mahali atakapokwenda nikiifunga.

Mama wa cherehani, Kayole

Mimi nitaongea kama mtu aliyewahi kukiomba hicho kibali. Nina wasichana ninaowafundisha kushona. Nilipotaka kujisajili nilikuta milango mingi kuliko vyumba vyangu. Usajili wa mafunzo una ofisi yake. Mtihani wa daraja la ufundi, ule wa tatu, wa pili na wa kwanza, uko NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kule Commercial Street. Mtaala na tathmini ya umilisi viko kwa baraza jingine tena. Leseni ya biashara ni ya kaunti. Kila mlango unataka ada, nakala na siku nzima ya kufunga duka.

Cherehani haijawahi kumlipua mtu. Kwa nini nipimwe kwa kipimo cha anayefundisha umeme? Na ofisi ikikaa na karatasi zangu miezi kadhaa bila kujibu, nani anampima huyo aliyenyamaza? Nakuunga mkono kuhusu vyuma, fundi, lakini usiseme "kila somo" kama kwamba yote ni sawa.

Fundi wa mabati, Kamukunji

Nimefua masanduku na majiko hapa tangu vibanda vyetu havijawa vibanda. Vijana waliopita mikononi mwangu siwezi kuwahesabu, na wengine leo wana vijana wao. Cheti sina. Mwanangu wa Kariobangi anasema ujuzi wa mwalimu upimwe. Sawa, lakini mtapima kwa karatasi au kwa kazi? Kwa karatasi, yule mwalimu wa fizikia ananishinda, kwa kuwa ana digrii. Najua siku hizi kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, mtu anapimwa kwa anachokifanya kisha anapewa cheti chake. Mngeutumia huo kutuingiza shuleni siku mbili kwa wiki, tukae na mwalimu, yeye afundishe hesabu za pembe na sisi tufundishe nyundo inavyosikika ikipiga sawasawa.

Mkufunzi wa chuo, Ngara

Jambo moja kutoka nje linaweza kusaidia. Marekani, majimbo ndiyo huidhinisha programu za ufundi za shule zao, na mahali pengi kibali hicho ndicho kinachofungua fedha za serikali kuu. Sheria yao iitwayo Perkins, iliyorekebishwa 2018, inazitaka wilaya za shule zitathmini mahitaji ya eneo lao angalau kila miaka miwili, waajiri na wazazi wakiwa mezani, na programu iwe na ukubwa na ubora wa kutosha kabla ya kulipiwa. Yako matatizo yao na siyasifii yote. Ninachoonyesha ni kwamba kule kibali na fedha hutembea pamoja. Hapa kwetu anayekagua hana mfuko, na mwenye mfuko hajaingia karakana.

Mwenye mada

Nimerudi baada ya siku mbili. Nilikuwa na kazi ya mageti Ruai, na huko nilikuwa nawajibu kichwani huku nikipima vyuma.

Mama wa Kayole, umenishinda, na nakubali. Niliandika "kila somo" kwa sababu nilikuwa namwazia yule mtoto wa macho. Hatari zina ngazi. Mbona kwa mafundi wa umeme tumezoea? EPRA, mamlaka ya nishati, huwapa leseni za madaraja, wa daraja la chini hagusi kazi ya daraja la juu. Basi iwe hivyo shuleni: kuchomelea, umeme, useremala wa mashine na mitambo zikaguliwe kabla ya kuanza, ushonaji, upishi na ususi zianze kwa taarifa tu, mkaguzi aje baadaye. Na ofisi ipewe siku za kujibu, zikipita bila neno shule ianze.

Mzee wangu wa Kamukunji, shikamoo. Wewe ndiye ninayemtaka akague, sembuse kufundisha. Mkaguzi asiyejua kusikiliza nyundo atahesabu viti.

Mwalimu wa Mukuru, wewe ndiye uliyenifanya nishindwe kulala, na sitajifanya nina jibu lote. Unachosema kuhusu gereji ni kweli. Mimi mwenyewe nimewaona watoto wa sare wakisaga chuma kwa grainda isiyo na kifuniko. Lakini siwezi kukubali kwamba kwa sababu nje ni pabaya, ndani pawe pabaya kidogo tu. Mzazi akimpeleka mtoto gereji anajua amempeleka gereji. Akimpeleka shule anaamini kuna mtu ameangalia.

Ninachokibadilisha katika msimamo wangu ni hiki. Kunyimwa kibali kusiwe mwisho wa safari ya shule. Mkaguzi akikataa, aandike kinachopungua, kimoja kimoja: kinga za uso kadhaa, swichi ya kukata umeme, dirisha la kutolea moshi, fundi wa siku mbili kwa wiki. Orodha hiyo iwe deni la serikali kwa shule ya umma, lenye tarehe. Anayesema "haijafikia kiwango" ndiye alipe ifikie. Bila hivyo, nakubaliana nawe, kibali ni ukuta kwa maskini.

Na wakati deni halijalipwa, watoto wako wasikae bure. Vituo vya mafunzo ya ufundi viko mikononi mwa kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziachia kaunti zile tulizoziita polytechnic za vijiji. Shule za upili ni za serikali kuu. Kwa hiyo karakana ya kaunti inaweza kuwa karibu na shule, mashine zimelala mchana, na darasa la Gredi ya 10 jirani linachora mashine hizo hizo ubaoni. Wakubwa hao wawili wakitia saini karatasi moja, wanafunzi wako watavuka wakafanye kazi mahali palipokwisha kukaguliwa.

Mwalimu wa Mukuru

Deni lenye tarehe, hilo naweza kulipigania nikiwa nawe. Kuvuka kwenda karakana ya kaunti nako nimewahi kuomba. Niliambiwa kila upande unangoja barua ya mwenzake. Lakini bado hujanijibu, fundi: kati ya leo na tarehe hiyo, nifunge stoo yangu au nisifunge?

Mwenye mada

Usifunge majiliwa. Kazi ya msumeno wa mkono na tupa, kupima, kukata na kukunja bati, hayo wafanye, na wafanye sana. Ndipo mkono unapozaliwa. Mashine ya kuchomelea ifungie kufuli mpaka kila mtoto anayesimama karibu awe na kinga yake. Nina kinga tano za zamani, vioo nitabadilisha. Jumamosi nitazileta, na nikifika unionyeshe umeme wa hicho chumba unapitia wapi.