Kasri la Versailles na mkataba wa 1919: kwa nini pale?

Kitete_TBR: Wakuu, heshima zenu. Versailles lilikuwa kasri la wafalme wa Ufaransa. Kwa nini mkataba wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ulioing'oa Ujerumani hapa kwetu Tanganyika, ulisainiwa humo? Na wafalme wenyewe walishatoka lini?

Mwanga_KGM: Mkuu, walitoka zamani. Pale palianza na nyumba ya kuwindia ya Louis XIII, mwaka 1623. Mwanawe, Louis XIV, aliipanua, na tarehe 6 Mei 1682 akahamishia hapo serikali yake yote. Tarehe 6 Oktoba 1789 umati uliotoka Paris, wakiwemo wanawake wengi wa sokoni, ulimlazimisha Louis XVI arudi nao mjini. Hakuna mfalme aliyeishi humo tena. Louis-Philippe aligeuza kasri kuwa makumbusho, yakafunguliwa 1837.

Sasa ukumbi. Tarehe 18 Januari 1871, majeshi yao yakiwa yameizingira Paris, Wajerumani walimtangaza mfalme wa Prussia kuwa Kaizari ndani ya Ukumbi wa Vioo. Fedheha ile Wafaransa hawakuisahau. Tarehe 28 Juni 1919 wakawaita Wajerumani wasaini kushindwa kwao mlemle. Ukumbi una urefu wa mita 73 na matao 17 yanayotazamana na madirisha 17. Kila tao lina vioo 21, jumla 357. Ni vidogo vidogo kwa sababu mafundi wa enzi hizo hawakuweza kutoa kioo kikubwa kizima.

Ujiji_Bandarini: Naongezea, maana wanafunzi wengi hukosea hapa. Wanaandika kwamba Versailles iliikabidhi Tanganyika kwa Mwingereza. Siyo. Kifungu cha 119 kinasema Ujerumani inayaachia makoloni yake mataifa yaliyoshinda, basi. Nani achukue kipi kilipangwa pembeni. Ndiyo maana Kigoma, iliyotekwa na Wabelgiji Julai 1916 (Tabora ilifuata Septemba), walikaa nayo hadi Machi 1921.

Kisha soma kifungu cha 246: fuvu la Mtwa Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe, litolewe na Ujerumani ndani ya miezi sita. Likarudi Kalenga 1954!

Kitete_TBR: Asanteni sana. Litolewe kwa nani, kwa Wahehe?

Ujiji_Bandarini: Hapana mkuu, kwa serikali ya Uingereza. Wahehe hawakuwa na kiti mezani. Utakikuta kifungu hicho kwenye sehemu ya fidia, na humo humo Ujerumani inatakiwa kumrudishia mfalme wa Hijazi msahafu wa Khalifa Othman uliotolewa Madina.