Mrejesho: Yule wa Ujiji aliyetaka kuacha chuo
Habari wakuu. Mwezi uliopita niliuliza: niko mwaka wa kwanza hapa Tabora, usingizi sina, testi ya kwanza nimepata 9 kati ya 30, nipande treni nirudi Ujiji? Sijapanda.

Mlionituma kwa mshauri wa wanafunzi, nilienda shingo upande. Hakunihubiria. Alinipa karatasi niandike kinachonikosesha usingizi, na kumbe nusu yake ni bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) kuchelewa, wala si masomo! Sasa simu nazima saa nne usiku. Jumamosi napika migebuka (samaki wa kwetu) kwa mawese na wenzangu wawili wa Kasulu (ugali wa muhogo, lazima), halafu diskasheni chini ya mwembe. Testi ya pili 17.

Jumapili jioni bado nalia. Mama nimeshamwambia ukweli.