Mgeni hapa, nimevuta Honda CRF300L mpya ila miguu haifiki chini vizuri. Niishushe au nizoee?

Mguu Mfupi:
Wakuu habari zenu. Nimekuwa msomaji wa kimya kimya siku nyingi, leo nimeona nijitambulishe rasmi maana sasa na mimi nina chuma cha kwangu. Ni pikipiki ya Honda CRF300L, nyekundu, mpya kabisa, tairi bado zina vile vinywele vya kiwandani. Kabla ya hapo nilijifunzia kwenye 125 ya kawaida, zile kiti kiko chini unakanyaga ardhi yote bila kufikiria.

Sasa tatizo. Mimi urefu wangu ni sentimita 163 na kiti cha hii kitu kiko milimita 880. Nikikaa katikati nagusa chini kwa ncha za vidole tu, na nikiinamia upande mmoja nagusa na nusu ya mguu. Ikishatembea hakuna shida kabisa, ni nyepesi, inageuka unavyotaka, yaani raha tupu. Shughuli iko kwenye kusimama, hasa pale gari la mbele linapofunga breki ghafla au barabara ina mteremko wa pembeni, hapo roho inaruka.

Kuna fundi ameniambia anibadilishie linki ya shokapu ya nyuma (kile chuma kinachounganisha shokapu na mkono wa tairi) ishuke, mwingine anasema tukate sponji ya kiti, na jamaa yangu anasema acha uoga utazoea. Naombeni ushauri kwa waliopitia hii, na wengine pia semeni mnaendesha nini tufahamiane.

Kiti Cha Chini:
Karibu sana mkuu. Mimi niko na Honda Rebel 500, kiti milimita 690, yaani kati yangu na wewe kuna milimita 190 za amani lol. Nimeichukua juzi juzi tu na mimi. Sina ushauri wa maana wa kukupa ila nitakaa hapa nisome maana mke wangu anazitamani hizo ndefu.

Babu Klachi:
Karibu kijana. Mimi natumia Royal Enfield Himalayan ile ya cc 411, kiti milimita 800, sio ndefu sana ila kabla yake nimeendesha za matope miaka mingi kwahiyo ugonjwa wako naujua.

Kwanza hiyo 880 isikutishe, inapimwa pikipiki ikiwa tupu. Hiyo CRF shokapu zake zina safari ya milimita 260 mbele na nyuma, yaani tairi linaweza kupanda na kushuka kiasi hicho, na sprinji zake ni laini, ukikaa tu inazama. Pili ukiwa juu yake umevaa nini miguuni? Kama unapanda na raba za kawaida basi bado hujaipima. Tafuta buti za pikipiki zenye soli nene, zinakuongezea kimo kidogo na muhimu zaidi zinakukinga kifundo cha mguu, kwasababu mwenye mguu mfupi kifundo ndio kinachoumia wa kwanza pikipiki ikiinama.

Lakini la msingi ni hili: nani alikwambia lazima miguu yote miwili iguse chini? Wanaoshindana matopeni wengi hawafikishi miguu yote, wanasimamia mmoja. Shida yako ni mazoea ya ile 125. Ulizoea kusimama kama meza, sasa jifunze kusimama kwa mguu mmoja.

Binti Cheni:
Babu kaongea. Mimi nina sentimita 158 na naendesha KTM 390 Adventure, kiti 855 na ni nzito kuliko yako kwahiyo Mguu Mfupi tulia, hiyo ya kwako ni kilo 142 na mafuta yakiwa full, wewe una bahati hujui tu.

Nikueleze ninavyosimama mimi. Ukikaribia kusimama punguza gia mapema mpaka ya kwanza, breki ya mbele itumie mwanzoni ukiwa bado na mwendo, halafu zile hatua za mwisho kabisa iachie mbele umalizie na breki ya nyuma kwa mguu wa kulia. Usukani uwe UMENYOOKA. Narudia, umenyooka. Ukishika breki ya mbele usukani umepinda kwenye mwendo wa kutambaa pikipiki inadondoka upande uliopinda na hakuna mguu utakaoiokoa, hata wa mtu wa mita mbili. Kabla haijasimama kabisa sogeza kiuno kidogo kushoto, tako moja linatoka kwenye kiti, mguu wa kushoto unashuka wote unakanyaga vizuri, wa kulia unabaki kwenye breki. Ndo basi. Ukitaka kuondoka unarudi katikati huku klachi inaanza kushika.

Na jicho lifanye kazi kabla ya mguu. Mimi nikiona taa nyekundu kwa mbali naanza kuangalia nitaweka wapi mguu: pasiwe na shimo, mchanga, mafuta yaliyomwagika au pale lami inapoinama. Barabara nyingi zimeinuka katikati zinashuka pembeni, kwahiyo kama mnaendesha kushoto ukisimama pembeni kabisa mguu wako wa kushoto unaangukia kwenye bonde. Sogea katikati ya leni yako, na gari nalo linakuona.

Kurudi nyuma usijitese kupiga kasia na vidole. Shuka, isukume. Hakuna anayekucheka na akikucheka ni shauri yake.

Spana 12:
Mimi ni fundi, pikipiki yangu ni Yamaha ya kazi tu sina haja ya kuitangaza. Nimesoma "kubadilisha linki" nikaona niingie.

Mkuu linki inashusha nyuma, sawa, na wengi wameweka wako poa. Ila mtu akikuuzia linki muulize maswali. Ukishusha nyuma peke yake pembe ya foki (zile nguzo mbili za shokapu ya mbele) inalala, mbele inakuwa nyepesi, usukani unakuwa mzito kuingia kona na taa inaangalia juu inachoma macho ya wenzako. Kwahiyo na mbele lazima ishuke, tunalegeza vibano vinavyoishika foki tunaipandisha ndani yake kwa kiasi kinachoendana na nyuma. Hapo napo unatakiwa uhakikishe shokapu ikizama mpaka mwisho tairi haligongi madigadi wala kibano cha chini. Haya, stendi ya pembeni sasa imekuwa ndefu, pikipiki inasimama wima, upepo kidogo tu au ukiiegesha penye mwinuko inalalia kulia. Inabidi ikatwe ichomelewe, na ukishaikata siku ukitaka kurudisha kimo cha kiwandani inabidi ununue nyingine.

Na nafasi ya chini, kati ya injini na ardhi, inapungua. Hiyo kitu ulilipia milimita 285 chini ya injini, ukiondoa 40 au 50 umebakiwa na pikipiki ya kawaida yenye tairi za matope.

Fundi anayekwambia atasaga linki yako ya kiwandani au kutoboa tundu jipya, mkimbie. Hicho chuma kinabeba uzito wako wote kwenye kila shimo.

Lami Tupu:
Naomba nipingane na wazee kidogo. Kuna mtu anaendesha porini wikiendi na kuna mtu yuko kwenye foleni asubuhi na jioni anasimama kila dakika. Huyu wa pili kumwambia "jifunze mguu mmoja" ni sawa lakini akichoka jioni, mvua inanyesha, ana mzigo nyuma, atadondosha tu. Mimi niliweka linki kwenye yangu, ikashuka milimita 30 na kitu, nikapandisha foki, nikafupisha stendi, naendesha lami tu na sijawahi kujuta. Nafasi kubwa ya chini naitaka ya nini mimi, sipiti kwenye magogo.

Kwahiyo mleta uzi sema kwanza unaendesha wapi.

Mguu Mfupi:
Aisee asanteni, sikutegemea majibu ya hivi. @Lami Tupu naendesha mjini siku za kazi, ila nimeinunua kwa ajili ya njia za vumbi na milima mwisho wa wiki, ndo maana linki inanipa wasiwasi. @Babu Klachi kweli nilikuwa napanda na raba, nimekamatwa. @Spana 12 je vipi nikilegeza tu sprinji ya shokapu ya nyuma ili izame zaidi nikikaa? Kuna mtu kasema ni bure na inachukua dakika kumi.

Spana 12:
Ni bure ndio maana kila mtu anaisema.

Pima kwanza. Inyanyue tairi la nyuma lielee, pima kutoka kwenye ekseli kwenda juu wima mpaka alama utakayoweka kwenye madigadi au fremu. Halafu ishushe, kaa juu na nguo zako zote za safari, buti, helmeti, begi kama unabeba, mtu akushikilie na mwingine apime tena palepale. Tofauti ya hizo namba mbili ndio kiasi inachozama ukiwa juu. Kwa pikipiki ya aina hiyo tunataka iwe kama theluthi ya safari yote, kwahiyo kwenye 260 unatafuta 85 hivi. Ikizama zaidi sana ya hapo tayari imelegea, ukiilegeza tena itakuwa inagonga mwisho kwenye kila tuta na mbele itapoteza uzito, utakuwa umefanya makosa ya linki bila faida za linki. Ikiwa inazama kidogo, mfano 60, basi una nafasi ya kuilegeza na utapata sentimita mbili halali kabisa.

Mtu mwepesi mara nyingi anajikuta hapo. Unajua uzito wako wewe, mimi sijui.

Na kiti. Watu wanakata sponji juu wanapata milimita 20 au 30 halafu wanalalamika makalio. Mwambie fundi wa viti apunguze zaidi KINGO za mbele, pale mapaja yanapopita. Mguu wako haushuki wima, unazunguka upana wa kiti kwanza ndipo unashuka. Ukibana upana unapata kimo bila kuharibu pa kukalia. Na hiyo ndio ningeanza nayo kabla ya kugusa chuma chochote. Kiti cha pili ukikipata bora zaidi, cha kiwandani kibaki.

Upepo wa Kaskazini:
Karibu mgeni. Suzuki V-Strom 650 hapa, kiti 835 lakini zaidi ya kilo 200 kwahiyo mimi nina mada yangu: itadondoka. Ukiwa umesimama, siku moja, itadondoka tu, jiandae.

Ikianza kwenda na imeshapita ile pembe ya kuizuia, iache. Usiweke mguu chini yake usijifanye jeki. Ruka pembeni, zima injini kwa swichi nyekundu. Kuinyanyua: geuza usukani mpaka mwisho, igeuzie mgongo, chuchumaa makalio yakae kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye hendeli mwingine kwenye fremu au keria, halafu tembea kinyumenyume kwa hatua fupi ukisukuma na miguu, mgongo umenyooka. Kama imelalia kulia toa stendi kabla hujaanza na weka gia ya kwanza, la sivyo utainyanyua iende kuangukia upande wa pili.

Kingine, vibano vya lever za klachi na breki kwenye usukani visikazwe mpaka mwisho. Viwe vimeshika lakini ukigonga kwa kiganja vizunguke. Ikidondoka lever inazunguka badala ya kuvunjika. Na weka kinga za mikono zile zenye chuma ndani.

Gesi Mpaka Mwisho:
Nyie mnaongelea miguu, mimi nauliza injini mpya anaifanyaje? Mimi niliambiwa ipigwe gesi kali toka siku ya kwanza ndio ringi za pistoni zinakaa vizuri.

Babu Klachi:
Fuata kitabu cha pikipiki. Kwenye kilomita mia kadhaa za mwanzo usiishikilie gesi kali, usiivute kwa gia kubwa huku inalia chini chini, na usikae kwenye mzunguko uleule muda mrefu, badilisha badilisha. Sevisi ya kwanza usiipitishe, kwa Honda nyingi ni kilomita 1,000, wabadilishe oili na filta na wakague cheni. Oili iwe imeandikwa JASO MA au MA2 (alama za oili ya pikipiki), klachi yake inaogelea humohumo, ukiweka oili ya gari inaweza kuteleza. Na hizo tairi zenye vinywele bado zina utelezi wa upya, kona za kulala subiri kidogo.

Turudi kwenye miguu.

Mguu Mfupi:
Nimepima na shemeji. Inazama 92 na nguo zote na begi, kwahiyo hadithi ya kulegeza sprinji imekufa. Linki naiweka pembeni kwanza. Jumamosi napeleka kiti kipunguzwe kingo, buti nimeshaagiza, na ile ya Binti Cheni nimeijaribu kwenye uwanja mtupu, kusimama kushoto kunaanza kukaa sawa ila kugeuza U bado nashindwa, naishia kuweka miguu chini katikati ya kona.

Binti Cheni:
U ni klachi na shingo. Klachi iweke pale inapoanza kushika, ishikilie hapohapo, gesi ndogo isiyobadilika, breki ya nyuma iguse kidogo iwe inaivuta, ya mbele usiisogelee kabisa. Halafu geuza shingo uangalie unakotaka kutokea, juu ya bega, sio tairi la mbele. Ukiangalia chini utaenda chini. Anza na duara kubwa upande wa kushoto halafu lipunguze, na mwili uegemee nje ya duara huku pikipiki inalala ndani. Klachi ya CRF300L ni laini kwahiyo vidole havitachoka haraka, ila ukisikia harufu ya kuungua pumzika, iache ipoe.

Mguu Mfupi:
Mwili nje, pikipiki ndani. Mimi nilikuwa nainama nayo! Naenda kujaribu jioni kabla jua halijazama.

Kiti Cha Chini:
Mke wangu amesoma uzi wote. Anauliza hiyo CRF inapatikana na rangi gani nyingine.